Padre Angelo Secchi, Myesuiti Aliyeisoma Nuru ya Nyota



Ndugu msomaji, nyota inayong'aa kuliko nyota zote za usiku inaitwa Sirius, na kati ya Desemba na Aprili hupita karibu kabisa juu ya vichwa vyetu hapa Afrika Mashariki. Kuipata si kazi. Tafuta kwanza zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, ambazo ni mkanda wa kundi la Orion, kisha ufuate mstari huo kuelekea kusini-mashariki hadi ukutane na nyota nyeupe inayometameta kupita zote. Sasa rudi kwenye mkanda, uvuke upande wa kaskazini. Utaona nyota nyingine kubwa, nyekundu kama kaa la moto linaloanza kufifia. Hiyo ni Betelgeuse. Zote mbili zinaonekana kwa macho matupu, hata siku ambazo umeme wa mtaani haujakatika.

Kwa nini moja ni nyeupe na nyingine nyekundu? Zimeumbwa kwa kitu gani? Zilianza lini, na je, zitakwisha? Mmoja wa watu wa kwanza kuyauliza maswali haya akiwa na chombo cha kuyajibu alikuwa padre, na alikuwa akiyauliza juu ya paa la kanisa. Katika makala haya tunayasimulia maisha yake.

Angelo Secchi alizaliwa Juni 1818 mjini Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja. Ilikuwa imegawanyika katika falme na tawala ndogondogo, na Roma pamoja na mikoa ya jirani ilikuwa chini ya utawala wa Papa mwenyewe. Tulikumbuke jambo hili, kwa sababu litakuja kumsumbua baadaye. Baba yake alikuwa seremala. Mama yake alikuwa mwanamke wa kazi, na alihakikisha kijana wake anafundishwa hata kushona na kufuma. Angelo alisoma kwa mapadre Wayesuiti wa mji wake, na mwaka 1833, akiwa na umri wa miaka 15, akaingia unovisi huko Roma.

Masomo yake makubwa aliyapata Collegio Romano, chuo kilichoanzishwa na Mtakatifu Inyasi wa Loyola mwaka 1551. Hapo ndipo alipofundisha Padre Christopher Clavius, mmoja wa wataalamu walioitengeneza kalenda ya Papa Gregori wa XIII ya mwaka 1582, ambayo dunia inaitumia hadi leo. Chuo hicho ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana, ambako mapadre wengi wa nchi zetu wamesoma. Secchi alifundisha fizikia na hisabati kwa muda huko Loreto, akarudi Roma kusoma teolojia, na Septemba 1847 akapewa Daraja Takatifu ya Upadre.

Hakupata hata mwaka mmoja wa utulivu. Mwaka 1848 mapinduzi yalizuka katika sehemu kubwa ya Ulaya, na Wayesuiti wakafukuzwa Roma. Padre kijana akakimbilia Stonyhurst nchini Uingereza, kisha akavuka Bahari ya Atlantiki hadi Georgetown, karibu na Washington, nchini Marekani. Huko alifundisha, na akafahamiana na Matthew Fontaine Maury, ofisa wa jeshi la majini aliyekuwa akikusanya taarifa za pepo na mikondo ya bahari kutoka kwa manahodha. Wakati huohuo Padre Francesco de Vico, aliyekuwa msimamizi wa kituo cha kutazamia nyota cha Collegio Romano, alifariki akiwa uhamishoni mjini London, Novemba 1848. Wayesuiti waliporuhusiwa kurudi Roma, Secchi akakabidhiwa kituo hicho. Alikuwa na miaka 31.

Kituo kilikuwa kimechakaa, na jengo lake lilitikisika. Darubini haivumilii mtikisiko hata kidogo, kwani ukikuza nyota mara mia unaukuza na mtikisiko mara mia. Padre Secchi akatazama jirani, akaliona Kanisa la Mtakatifu Inyasi. Kanisa hilo lilijengwa libebe kuba kubwa, lakini kuba lenyewe halikujengwa kamwe. Badala yake, mwaka 1685 Bruda Andrea Pozzo alichora kuba la rangi tu, kwa ustadi mkubwa hata mtu aliyesimama chini akadhani ni kuba la kweli. Nguzo nene zilizokusudiwa kubeba mawe ya kuba zilikuwepo, zimesimama imara bila mzigo. Juu ya nguzo hizo Padre Secchi akajenga kituo kipya, na mwaka 1854 akaweka darubini iliyotengenezwa na Merz wa Ujerumani, yenye lenzi ya upana wa sentimeta 24 hivi. Kwa hiyo chini waamini walisali Misa chini ya mbingu ya kuchorwa, na juu ya paa padre alikuwa akiitazama ile yenyewe.

Hapa inatubidi tusimame kidogo, maana jambo lililokuwa likikaribia kutokea linatugusa sana sisi tunaosoma falsafa. Aristotle alifundisha kwamba vitu vyote vilivyo chini ya mwezi vimefanywa kwa udongo, maji, hewa na moto, na kwa sababu hiyo huzaliwa na kuharibika. Nyota hazimo katika hesabu hiyo. Hizo zimefanywa kwa kitu cha tano, kisichochakaa na kisichobadilika. Mtakatifu Thomaso wa Akwino alipokea fundisho hilo kama sayansi bora ya wakati wake, ingawa, kwa busara yake, aliandika pia kwamba maelezo ya wanaastronomia yanaweza kupatana na yanayoonekana bila kuwa lazima ya kweli, kwani huenda kukapatikana maelezo mengine. Fundisho la mbingu isiyobadilika lilikwisha pata nyufa kabla ya Secchi. Nyota mpya ilionekana mwaka 1572, na Galileo akaona madoa katika jua. Lakini hakuna aliyekuwa ameonyesha nyota imefanywa kwa kitu gani. Mwaka 1835 mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte alisema wazi kwamba tunaweza kupima umbali na mwendo wa nyota, lakini kemia yake hatutaijua kamwe, kwa kuwa hakuna atakayekwenda kuleta kipande.

Comte alifariki mwaka 1857. Miaka miwili tu baadaye, huko Heidelberg, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walionyesha kwamba kipande hakihitajiki. Nuru ikipita katika mche wa kioo hugawanyika kuwa rangi kama za upinde wa mvua. Katika nuru ya jua, ukitazama kwa makini, upinde huo umekatwa na mistari myeusi, miembamba, mamia kwa mamia. Kirchhoff na Bunsen waligundua kwamba kila elementi ina mistari yake, na haiazimi ya mwenzake: sodiamu ina yake, chuma kina yake, hidrojeni ina yake. Ukiikuta mistari ya chuma katika nuru ya jua, basi katika jua mna chuma. Ni kama alama za vidole.

Kuanzia mwaka 1863 Padre Secchi aliielekeza njia hiyo kwenye nyota. Hakuwa peke yake, na tusimpe sifa isiyo yake. William Huggins huko Uingereza na Lewis Rutherfurd huko Marekani walikuwa wameanza pia. Huggins alichagua nyota chache akazichunguza kwa kina, mstari kwa mstari. Secchi alichagua wingi. Alitaka kujua kama nyota, kwa maelfu yake, zina makabila. Usiku baada ya usiku alipanda juu ya paa na kutazama kwa jicho lake, maana alifanya kazi hiyo bila msaada wa picha. Nuru ya nyota ni kidogo mno, na ukiigawa katika rangi inakuwa kidogo zaidi. Kwa hiyo aliona, akakumbuka, akachora kwa mkono. Baadaye aliweka mche mkubwa mbele ya lenzi yenyewe ya darubini ili asipoteze nuru. Mpaka mwisho wa kazi hiyo alikuwa amepitia zaidi ya nyota 4,000.

Akazikuta zina makabila kweli. La kwanza ni la nyota nyeupe na za samawati, kama Sirius na Vega, zenye mistari michache minene, ile ya hidrojeni. La pili ni la nyota za manjano, kama Capella na Arcturus, zenye mistari mingi myembamba ya metali. Jua letu limo humo. La tatu ni la nyota nyekundu, kama Betelgeuse na Antares, ambazo upinde wake umekatwa na mikanda mipana kama nguzo zilizopangwa katika ukumbi. Mwaka 1868 akaongeza la nne, nyota nyekundu hafifu ambazo mikanda yake ilimkumbusha kaboni, na karibu na mwisho wa maisha yake akaongeza la tano, kwa nyota chache ambazo mistari yake inang'aa badala ya kuwa myeusi.

Matokeo hayo tuyaangalie kwa macho ya mtu aliyefundishwa Aristotle. Hidrojeni iliyomo Sirius ni hidrojeni ileile iliyomo katika maji ya kisima cha seminari. Hakuna kitu cha tano. Tena, nyota zinatofautiana kwa utaratibu, na palipo na utaratibu wa tofauti akili huanza kujiuliza kama nyota moja inaweza kupita kutoka hali moja hadi nyingine. Wataalamu wengi wa wakati ule walijibu upesi kwamba nyota huzaliwa nyeupe na moto, hupoa kuwa ya manjano, na kufa nyekundu, kama chuma kinachotolewa katika tanuru la mhunzi. Jibu lilipendeza, na karibu lote lilikuwa na kasoro.

Ilichukua vizazi viwili kupata jibu zuri zaidi. Mwaka 1925 Cecilia Payne, mwanamke Mwingereza aliyekuwa akisoma Harvard nchini Marekani, alionyesha kwamba makabila yale yanatofautiana hasa kwa joto, na kwamba nyota zote kwa sehemu kubwa ni hidrojeni na heli. Kufikia miaka ya 1930 ilieleweka zinakula nini: ndani kabisa, kwenye joto la mamilioni ya nyuzi, viini vya hidrojeni huungana kuwa heli na kutoa nishati. Nyota ni mvutano kati ya uzito wake unaotaka kuiangusha ndani na joto lake linalosukuma nje. Ina uhai maadamu mafuta yapo.

Kwa kipimo hicho Sirius ni kijana. Ina uzito kama wa majua mawili, uso wake una joto la karibu nyuzi 10,000, wakati uso wa jua letu una 5,500 hivi, na inatoa nuru mara 25 ya jua. Iko jirani pia: nuru yake hutumia miaka 8.6 tu kutufikia, kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu anaiona kwa nuru iliyoondoka huko karibu na wakati alipozaliwa. Umri wake ni takriban miaka milioni 240. Jua lina miaka bilioni 4.6 na bado liko katikati ya safari, lakini Sirius haitafika huko. Nyota nzito ina mafuta mengi zaidi, ila inayatumia kwa fujo, na mafuta ya Sirius yatamtosha kwa takriban miaka bilioni moja. Kisha itavimba, itageuka nyekundu, itayapuliza matabaka yake ya nje angani, na kitakachobaki ni kiini kilichoshindiliwa, kidogo kama dunia yetu.

Hili si jambo la kukisia tu, kwa sababu limekwisha kutokea hapohapo kando yake. Mwaka 1844 Friedrich Bessel alitangaza kwamba Sirius inayumba katika mwendo wake kana kwamba inavutwa na mwenza asiyeonekana, na Januari 1862 Alvan Graham Clark, mtengenezaji wa darubini huko Marekani, akamwona mwenza huyo, nukta hafifu ndani ya mng'ao. Leo tunajua kwamba nukta hiyo ndiyo ilikuwa nyota kubwa zaidi kati ya hizo mbili, yenye uzito kama wa majua matano. Ilitumia mafuta yake haraka, ikavimba, ikafa. Sasa ni kibete cheupe. Uzito wa jua zima umeshindiliwa humo katika tufe lenye ukubwa kama wa dunia, nalo linaendelea kupoa polepole bila kuunguza chochote.

Na Betelgeuse? Wekundu wake si wa uzee wa miaka mingi. Ina miaka milioni kumi hivi tu, mtoto mbele ya Sirius, lakini ni nzito sana, zaidi ya mara kumi ya jua, na imekwisha kuvimba kiasi kwamba ingewekwa mahali pa jua ingeimeza Zebaki, Zuhura, Dunia na Mirihi. Mwisho wake utakuwa mlipuko, labda ndani ya miaka 100,000 ijayo. Mwishoni mwa 2019 ilipofifia ghafla watu walianza kusema saa imefika. Uchunguzi ulionyesha ni wingu la vumbi ambalo nyota yenyewe ililitema. Vifo vya namna hiyo vina faida kwa wengine: sehemu kubwa ya oksijeni tunayovuta ilipikwa ndani ya nyota nzito zilizolipuka kabla jua halijakuwepo.

Turudi kwa Padre Secchi, ambaye haya ya mwisho hakuyajua. Kazi zake nyingine tuzitaje kwa haraka. Julai 1860 alikwenda Hispania kupiga picha kupatwa kwa jua, na picha zake, zikilinganishwa na za Mwingereza Warren De la Rue aliyekuwa sehemu nyingine ya nchi hiyohiyo, zilithibitisha kwamba ndimi nyekundu zinazoonekana pembeni mwa jua ni za jua lenyewe, si za mwezi. Mwaka 1865, akiwa ndani ya meli ya Papa, alishusha sahani nyeupe baharini ili kupima maji yako safi kiasi gani. Sahani hiyo ina jina lake, na watafiti wa Ziwa Victoria huishusha majini hadi leo. Alitengeneza pia mashine ya kuandika yenyewe habari za hali ya hewa, akatuzwa kwa ajili yake katika maonyesho ya Paris ya 1867. Hakuwa mtu mpole kila siku. Aligombana na wanaastronomia wenzake juu ya nani aliyetangulia kuona nini, hasa na Lorenzo Respighi, aliyekuwa akifanya kazi katika mji uleule wa Roma.

Kisha ikafika tarehe 20 Septemba 1870. Jeshi la Ufalme wa Italia liliingia Roma, na utawala wa Papa juu ya mji ukaisha. Chuo kikachukuliwa na serikali: sehemu ikawa shule ya sekondari, na mwaka 1876 maktaba ya taifa ikafunguliwa humohumo. Wayesuiti wakatawanyika. Padre Secchi akajikuta kati ya pande mbili. Serikali mpya ilimtaka, maana jina lake lilikuwa heshima kwa nchi, ikampa nafasi ya kufundisha katika chuo kikuu chake. Mwishowe alikataa, kwa sababu kuipokea kungemaanisha kuwaacha Papa Pio wa IX na shirika lake wakiwa katika dhiki. Lakini pia hakususa. Desemba 1870, miezi mitatu tu baada ya mji kutekwa, alikuwa Sicily pamoja na wanaastronomia wa serikali ileile wakitazama kupatwa kwa jua, na mwaka uliofuata alishirikiana na Pietro Tacchini na wengine kuanzisha chama cha Waitalia wanaochunguza nuru ya jua na nyota.

Kwa maoni yetu hapa ndipo penye uzito wa maisha yake, kuliko katika hoja ambayo hutajwa mara nyingi kwenye makongamano, kwamba kulikuwa na padre mwanasayansi na kwa hiyo wasioamini wanyamaze. Hoja hiyo ni ndogo. Mtu huyu alikuwa na sababu zote za kufunga darubini na kununa, au za kuvua kanzu na kupokea cheo. Alibaki juu ya paa la kanisa ambalo chini yake chuo chake kilikuwa kimegeuka mali ya wengine, na serikali, labda kwa aibu mbele ya wataalamu wa Ulaya, haikuthubutu kumshusha. Aliendelea kuchora jua kila siku mbingu ilipokuwa wazi. Mwaka 1877 alichapisha kitabu chake juu ya nyota, Le Stelle.

Wakati huo tumbo lilikuwa limeanza kumuua. Papa Pio wa IX alifariki tarehe 7 Februari 1878, na tarehe 20 akachaguliwa Papa Leo wa XIII. Siku sita baadaye, tarehe 26 Februari, Padre Angelo Secchi akafariki, akiwa na umri wa miaka 59. Mwaka uliofuata serikali ikakichukua kituo. Mwaka 1891 Papa Leo alianzisha upya kituo cha kutazamia nyota cha Vatikano, ambacho Wayesuiti wanakiendesha hadi leo. Makabila matano ya Secchi yalimezwa na mpangilio mpana zaidi wa Harvard, ambao Annie Jump Cannon aliutumia kupanga nyota zaidi ya 225,000: Sirius imo katika herufi A, jua katika G, Betelgeuse katika M. Bonde moja mwezini limepewa jina la Secchi, na Oktoba 2006 vyombo viwili vya Marekani vilirushwa kwenda kulitazama jua kutoka pande mbili, kila kimoja kikiwa na mkusanyiko wa kamera unaoitwa SECCHI.